Sumu Isiyoonekana Katika Mahindi

Katika miezi ya kwanza ya mwaka 2004 watu wa Makueni na Kitui, katika nchi ya Ukambani, waliona ugonjwa ambao wengi wao hawakupata kuuona. Mtu aliyekuwa mzima alianza kukosa hamu ya chakula, akalegea mwili, akaumwa na tumbo na kutapika. Kisha macho yake yaligeuka manjano, na wengine tumbo lilivimba kwa kujaa maji. Kwa kuwa macho ya manjano ni dalili ya ini kuharibika, madaktari walifikiria kwanza yale maradhi ya ini yanayoambukizwa na virusi. Lakini damu ilipopimwa, virusi hivyo havikuonekana kuwa ndivyo chanzo. Ndipo chakula kikapimwa, na jambo likajulikana: sumu ilikuwa katika mahindi.

Hata kufika mwezi wa Julai wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao walifariki, yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila watatu. Ni mojawapo ya misiba mikubwa ya namna hiyo kupata kuandikwa popote duniani. Nayo haikuletwa na adui wala na kiwanda. Ilitoka katika chakula kile kile ambacho mama hupika kila jioni, kilichovunwa katika shamba lake mwenyewe au kununuliwa sokoni.

Sumu hiyo huitwa na wataalamu aflatoksini. Ndugu zetu wa Tanzania wameipa jina zuri zaidi, sumukuvu, kwa maana hutoka katika kuvu, ule ukungu unaoota juu ya nafaka yenye unyevu. Nao Watanzania waliijua kwa uchungu, maana mwaka 2016 watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 wakafa. Wala msiba wa 2004 haukuwa wa kwanza Ukambani. Mwaka 1981 wagonjwa 20 waliingia hospitalini katika Wilaya ya Machakos, na 12 kati yao hawakupona. Mahindi waliyokula yalipopimwa yalikutwa na sumu hiyo hiyo.

Dunia ilianza kuifahamu mwaka 1960, si kwa watu bali kwa ndege. Katika Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika muda mfupi, na hapana aliyejua sababu. Uchunguzi ukafuata nyayo mpaka kwenye unga wa karanga uliotoka Brazil, ambao ulichanganywa katika chakula chao. Karanga zilikuwa zimeota kuvu. Tangu hapo wataalamu wameikuta sumu hii katika mahindi, karanga, mtama, mbegu za pamba na vyakula vingine vingi vya nchi zenye joto.

KIASI KIDOGO KABISA

Jambo gumu kuamini ni uchache wa sumu yenyewe. Kanuni zinazotumika Kenya huruhusu sehemu 10 tu za aflatoksini katika kila sehemu elfu milioni za mahindi. Ukiyapima kwa gunia la kilo 90, sumu yote inayoruhusiwa ndani ya gunia zima haifiki sehemu moja ya elfu ya gramu. Jicho haliwezi kuiona, ulimi hauwezi kuionja. Mwaka 2004, wakati kiasi kilichoruhusiwa kilikuwa 20, wachunguzi walichukua vipimo 350 vya mahindi na unga katika masoko 65 ya wilaya zilizopatwa. Zaidi ya nusu vilipita kiasi hicho. Na katika kila vipimo mia moja, saba vilipita 1,000.

Watu wengi hudhani kwamba moto huondoa kila ubaya. Kwa vijidudu vya tumbo hilo ni kweli, maana maji yaliyochemka ni salama. Lakini aflatoksini si kidudu chenye uhai. Ni sumu iliyokwisha kutengenezwa, na moto wa jikoni hauivunji. Githeri iliyotokota tangu asubuhi, ugali uliosongwa ukaiva vizuri, uji uliochemka, vyote hubaki na sumu ile ile iliyokuwamo katika punje. Hata kuvu yenyewe ikifa kwa jua au kwa moto, sumu yake hubaki nyuma, kama vile nyoka aliyekufa asivyoondoa sumu aliyokwisha kuitia mguuni.

Sumu nyingi kwa mara moja huua ini katika siku chache, kama ilivyotokea Makueni. Sumu kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, na hatari huwa kubwa zaidi kwa mtu ambaye tayari ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Kwa sababu hii chanjo ya homa hiyo wanayopewa watoto wachanga ni kinga ya mahindi pia, ijapokuwa wazazi wengi hawajui kwamba mambo haya mawili yamefungamana.

JINSI KUVU INAVYOINGIA

Kuvu hii hukaa katika udongo na katika mabua makavu yaliyoachwa shambani. Upepo na wadudu huipeleka mpaka kwenye hindi. Mahindi yaliyopata mvua ya kutosha huweza kujikinga kwa kiasi. Lakini yakiteswa na ukame na jua kali wakati wa kuzaa, ganda hupasuka, wadudu huingia, na kuvu hufuata mlango huo huo. Kwa hiyo nchi kame kama Makueni, Kitui, Machakos na Tharaka zina hatari zaidi kuliko nchi za baridi za juu. Mkulima aweza kuvuna mahindi mazuri ya kutazama, na kuvu imo tayari ndani yake ikingoja unyevu.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2004. Mavuno yalikuwa machache, njaa ilikuwapo, na mvua ikanyesha wakati usio wake, mahindi yakiwa bado hayajakauka. Watu waliogopa wezi, nao walikuwa na haki ya kuogopa, maana mwenye debe la mahindi wakati wa njaa ana mali. Basi wengi waliyavuna mapema yakiwa mabichi wakayaingiza ndani ya nyumba wanamolala. Wachunguzi walipolinganisha nyumba zenye wagonjwa na nyumba zisizo nao, waliona kwamba wale walioweka mahindi ndani ya nyumba walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Nyumba ina joto la watu na la moto, hewa haipiti, na gunia lililoegemea ukuta juu ya sakafu ya udongo hunyonya unyevu usiku kucha. Kilichokusudiwa kulinda chakula ndicho kilichokiharibu.

Haifai kuwalaumu watu hao. Aliyeambiwa achague baina ya mwizi wa hakika na kuvu asiyoijua, atachagua kujilinda na mwizi. Lakini sasa kuvu inajulikana, na kazi ya kuizuia yaweza kufanywa bila gharama kubwa.

KUKAUSHA NDIYO KAZI YENYEWE

Mahindi yakifika chini ya sehemu 13 na nusu za maji katika kila mia, kuvu haiwezi kuota juu yake. Mambo mengine yote ni nyongeza ya hilo. Yafaa kuvuna mara mahindi yakiisha kukomaa, bila kuyaacha shambani majuma mengi, na kuyaanika upesi. Yasianikwe juu ya ardhi tupu, maana udongo ndiyo nyumba ya kuvu, na umande wa asubuhi hupanda kutoka chini. Turubai, mkeka, au kichanja kilichoinuliwa hufaa. Yageuzwe mara kwa mara, yafunikwe jioni kabla ya umande, na wakati wa mvua yasiachwe nje kwa matumaini kwamba wingu litapita.

Kupura nako kuna madhara yake. Desturi ya kutia magunzi katika gunia na kuyapiga kwa fimbo ni ya haraka, lakini huvunja punje nyingi, na punje iliyovunjika ni mlango wazi. Kupukuchua kwa mkono, au kwa kile kifaa kidogo cha chuma kinachozungushwa kwa mkono, huchukua muda mrefu zaidi na huacha punje nzima.

Mkulima atajuaje kwamba yamekauka? Wazee huuma punje kwa jino na kusikiliza sauti yake, na mtu mwenye uzoefu hakosei sana. Lakini kipimo cha chumvi ni bora zaidi, nacho hakihitaji mtaalamu. Huchukuliwa chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Hutiwa mahindi mpaka theluthi ya chupa, kisha vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu iliyoanikwa juani. Chupa hufungwa na kutikiswa vizuri kwa muda wa dakika moja, halafu huachwa robo saa, na kutikiswa tena. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi yana unyevu unaozidi sehemu 15 katika mia, na hayafai kabisa kutiwa ghalani. Chumvi isiposhika kioo, yamekwisha kushuka chini ya 15. Hata hivyo yapasa kuanikwa siku moja au mbili zaidi za jua kali, kwa kuwa lengo ni 13 na nusu. Vikundi vingi vya wakulima siku hizi vina mashine ndogo ya kupima unyevu, na mwenye jirani wa namna hiyo hana haja ya chupa.

Mahindi makavu yawekwe juu ya mbao au mawe, mbali na ukuta kwa kadiri ya mkono, mahali penye hewa. Gunia la mkonge hupumua. Gunia la nailoni huzuia hewa bila kuzuia wadudu, na ukiyatia ndani yake mahindi yaliyo mabichi kidogo hutoka jasho na kuoza.

FUKUSI, DUMUZI NA PANYA

Mdudu hali mahindi tu, bali huwasha moto mdogo ndani ya gunia. Fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai ndani na kuziba tundu, hata mtu hawezi kuona kitu; baada ya majuma matano hivi mtoto wake hutoka akiwa mdudu mzima. Wakizidi, pumzi zao hutia joto na unyevu katika nafaka, na kuvu hupata nafasi. Dumuzi ni mbaya kuliko fukusi. Asili yake ni Amerika ya Kati. Alionekana Tabora katika Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1983 alipatikana Taveta, upande wa Kenya. Hula mahindi na mihogo mikavu, na hata mbao za ghala hutoboa. Gunia aliloliingia hubaki unga mtupu.

Dawa iliyo salama kuliko zote dhidi ya wadudu hawa si dawa, ni ukosefu wa hewa. Kuna mifuko iliyotengenezwa kwa tabaka za plastiki nzito ndani na gunia la kawaida nje. Mahindi makavu yakifungwa ndani yake barabara, wadudu waliomo huimaliza hewa wenyewe kwa kupumua, wakafa. Yawe makavu kweli, na mfuko usifunguliwe kila siku kutoa kibaba kimoja. Afadhali kumaliza mfuko mmoja kabla ya kufungua wa pili.

Wanaotumia unga wa dawa wa kuchanganya na nafaka yawapasa kwanza kuhakikisha kwamba kibandiko kinasema wazi kuwa ni dawa ya kuhifadhi chakula. Dawa ya kunyunyizia kahawa, pamba au nyanya si dawa ya ghala, hata kama huua wadudu haraka. Kiasi kifuatwe kama kilivyoandikwa, na siku zilizotajwa zipite kabla ya mahindi kuliwa. Asiyejua kusoma amwombe mwanafunzi wa nyumbani amsomee. Hakuna aibu katika jambo hilo.

Vile vidonge vya kufukizia ghala ndivyo vya kuogopwa zaidi. Kidonge kikipata unyevu wa hewa hutoa gesi kali ambayo haina dawa ya kuitengua mwilini. Gesi hiyo haikai pale ilipowekwa, bali hupita katika nyufa na chini ya mlango mpaka chumba cha pili. Wengine husema hunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini kutegemea pua ni hatari, maana mtu aliyelala hanusi. Kamwe kidonge hiki kisitiwe katika gunia lililomo ndani ya nyumba wanamolala watu. Kufukiza ni kazi ya mtu aliyefundishwa, katika ghala lililo peke yake.

Na mbegu zilizotiwa dawa zisiliwe kwa hali yoyote. Rangi nyekundu, kijani au buluu iliyopakwa juu yake ni onyo, na kuiosha rangi hakuondoi sumu. Katika Iraki, baada ya ukame, ngano ya mbegu iliyotiwa dawa ya zebaki ililetwa kutoka nchi za nje ili ipandwe. Ilifika wengine wakiwa wamekwisha kupanda, nao walikuwa na njaa. Wakaisaga wakaoka mikate. Katika msimu wa 1971 na 1972 watu zaidi ya 6,500 waliingia hospitalini kwa sababu hiyo, na 459 walikufa humo. Maonyo kwenye magunia yalikuwa kwa lugha ambazo wengi wao hawakuzijua.

Kadhalika chupa ya dawa iliyokwisha isitiwe maziwa, mafuta wala maji, hata ikioshwa mara saba. Wala mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda, kwa maana mtoto huijua chupa na hajui kilichomo.

Kuhusu panya, habari zao zinajulikana. Wakazi wa zamani wa Nairobi walisimuliana jinsi soko la Wahindi lilivyochomwa moto mwaka 1902 kwa ajili ya tauni inayoletwa na viroboto vya panya. Ghala lenye miguu ya futi tatu, kila mguu ukiwa na kofia ya bati iliyoelekea chini, huwashinda panya vizuri kuliko sumu, ambayo huua paka na kuku pamoja nao.

MAHINDI YALIYOHARIBIKA

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli. Mama amefungua gunia, ameona punje zenye ukungu wa kijani au manjano, na gunia hilo ndilo chakula cha miezi miwili. Kuchagua kwa mkono husaidia sana: punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zilizotobolewa ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu. Kukoboa nako hupunguza, kwa sababu sumu nyingi imo katika ganda na kiini. Kwa hiyo muthokoi iliyotwangwa na kupepetwa vizuri huwa na sumu ndogo kuliko githeri ya mahindi mazima. Lakini kupunguza si kumaliza. Gunia lenye ukungu sehemu nyingi, au lenye harufu ya uvundo, lisiliwe, wala pumba zake zisiliwe.

Wengine husema yatawafaa kuku au ng'ombe. Kuku hufa au huacha kukua; na ng'ombe hugeuza sehemu ya sumu ile akairudisha katika maziwa, ambayo hunywewa na watoto wale wale walioepushwa na uji. Mama anayenyonyesha hupitisha sumu kwa njia hiyo hiyo. Wengine husema yatafaa kwa pombe, lakini kuchacha hakuondoi aflatoksini, na ini la mnywaji tayari lina mzigo wake.

Wakazi wa mijini wasidhani kwamba haya ni mambo ya shamba. Mwezi wa Novemba 2019 shirika la viwango la Kenya lilisimamisha uuzaji wa aina tano za unga wa mahindi wa pakiti baada ya kukuta sumu iliyozidi. Mwezi wa Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, kisha katika siku chache ikayaruhusu kwa masharti, pamoja na hati ya kuonyesha kwamba yamepimwa. Mnunuzi wa unga hawezi kuona punje, kwa hiyo hutegemea ukaguzi. Anayenunua mahindi kwa debe na kuyapeleka kwa posho mwenyewe ana nafasi ya kuyachagua kwanza, na inampasa aitumie.

Kwa upande wa shamba kuna msaada mpya. Wataalamu wa utafiti wa kilimo walitafuta ndugu za kuvu hii wasiotengeneza sumu, wakawapaka juu ya mtama uliouawa usiote. Dawa hiyo, iitwayo Aflasafe, humwagwa shambani majuma mawili au matatu kabla ya mahindi kuchanua, kilo 4 kwa ekari, na kuvu isiyo na sumu hukalia nafasi ya ile yenye sumu. Kiwanda chake kilijengwa Katumani, karibu na Machakos, katika nchi ile ile iliyozika watu wake. Haizuii wadudu wala haikaushi mahindi, kwa hiyo jua na turubai bado vinahitajika.

Mtu akigeuka manjano macho, akitapika na kuvimba tumbo, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo bila kungoja dawa za mitishamba. Hakuna dawa ya kuitengua sumu yenyewe. Madaktari huutunza mwili mpaka ini lipate nguvu, ikiwa bado laweza. Nyumba yote iache mara moja kula kutoka katika gunia lile, na vibaba viwili vya mahindi yake vichukuliwe katika mfuko safi wa karatasi, vikabidhiwe kwa afisa wa afya ili vipimwe, kwa sababu waliouziwa kutoka ghala lile lile huenda wanapika wakati huo.